Mwaka wa Kwanza Nilikerwa



Leo nina jambo la kusahihisha mbele yenu. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika Amina, kwa sababu mara ya mwisho nilipoandika juu ya jambo hili Amina zilikuwa nyingi kupita kiasi, na hizo Amina ndizo zinazoninyima usingizi.

Mnajua tulivyofika huku Ujerumani. Mama mchungaji alipata kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee, nami nikamfuata pamoja na watoto, huku nikiendelea kuwahudumia ninyi kwa simu. Tunaishi katika kijiji kimoja cha Franken, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, chini ya saa moja kwa treni kutoka Nürnberg. Ni kijiji kidogo. Kuna kanisa moja la Kilutheri lenye mnara, duka la mikate, kituo cha zimamoto cha watu wa kujitolea, mashamba ya mahindi na mabwawa ya samaki. Salamu ya hapa ni Grüß Gott, yaani Mungu akusalimu. Hata mtu ambaye hajaingia kanisani tangu kipaimara atakusalimu kwa jina la Mungu akinunua mkate. Wiki ya kwanza nilidhani nimeangukia uamsho.

Septemba ya mwaka ule wa kwanza niliona vijana wakishusha vyuma na maturubai uwanjani. Wakasimamisha hema kubwa kuliko hema lolote la krusedi nililowahi kusimama ndani yake. Moyo wangu ukaruka, nikawaza, kumbe hawa watu wana mkutano wa Injili na hakuna aliyeniambia! Kisha likaja lori la bia.

Sherehe yenyewe kwa lahaja ya hapa inaitwa Kerwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Binti yangu aliporudi na neno hilo kutoka shuleni nilicheka, nikamwambia jina limewafaa, maana mimi tayari nimekerwa.

Na nilikuwa na sababu. Miezi miwili nyuma, mtu alitia karatasi isiyo na jina katika sanduku letu la barua akitukumbusha kwamba kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa utulivu. Ilikuwa ile wiki ya kesha letu la mtandaoni, na mnajua waombezi wetu hawanong'oni. Nikanyenyekea, nikahamishia maombi kwenye stoo iliyo chini ya nyumba, katikati ya baiskeli na viazi. Sasa kijiji hicho hicho kinapiga tarumbeta mpaka saa nane usiku, na hakuna anayeandikiwa karatasi.

Kutoka dirishani nikaona mti mrefu umesimamishwa, umechunwa magome, kileleni umeachiwa matawi mabichi, umevishwa mataji ya majani na riboni. Jumapili jioni vijana wa kiume na wa kike wakawa wanauzunguka kwa kucheza. Nikafunga madirisha yote. Binti yangu, wakati huo ana miaka 11, akaniuliza kama anaweza kufungua moja tu, kidogo, asikie tarumbeta. Nikamkatalia.

Usiku ule ndipo nilipoandika ule ujumbe. Mnaukumbuka. Nilisema nimeona kwa macho yangu, katika nchi ya Krapf, mtu aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na kumzika mke wake na mtoto wake kule kule, watu wakiabudu mti. Nikataja nguzo za Ashera. Nikamtaja Eliya na mlima Karmeli. Ujumbe ule ulisambazwa kuliko somo lolote nililowahi kuwafundisha juu ya msamaha. Katika wote mlioandika, hakuna aliyeniuliza, mchungaji, hao watu umezungumza nao?

Sijitetei, lakini mnajua nimetoka wapi. Baba yangu alikunywa chang'aa mpaka chang'aa ikammaliza. Nikiwa na miaka 13 niliijua njia ya kutoka kwa mama pima hadi nyumbani hata gizani, kila jiwe na kila shimo, kwa sababu ndimi niliyetumwa kwenda kumbeba. Kwa hiyo nikiona hema limejaa bia na watu wanaimba, sioni sherehe. Naona ile njia.

Sasa ngoja niwaambie habari za jirani yetu. Ni mzee aliyevuka miaka 70, seremala mstaafu. Watoto wanamwita Opa, yaani babu, nami nimezoea hivyo hivyo. Huku kila mwenye nyumba anatakiwa kuondoa theluji asubuhi na mapema kwenye njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yake, mpita njia asije akateleza akavunjika. Mimi sikujua. Siku ya kwanza ya theluji niliamka nikakuta Opa ameondoa ya kwake na ya kwetu. Siku ya pili aligonga mlango, akanipa koleo, hakusema neno. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Februari, tukinywa chai jikoni kwake, nilipata ujasiri. Nikamwuliza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza kwa nini Wakristo wanacheza kuzunguka mti. Alinitazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti neno moja refu, Kirchweih, akalikata katikati kwa mstari. Kirche ni kanisa. Weih, akasema, ni kuweka wakfu. Na Kerwa ni neno hilo hilo lilivyosagika vinywani mwa watu wa Franken.

"Ni siku ya kuzaliwa ya kanisa letu," akasema. "Ulifikiri ni nini?"

Sikumjibu. Ningemjibu nini?

Wapendwa, mimi nimesoma chuo cha Biblia. Nilirudi nyumbani nikafungua Yohana sura ya 10, nikatafuta mstari wa 22. Pale Bwana Yesu yuko hekaluni Yerusalemu, ni majira ya baridi, na watu wako katika Sikukuu ya Kutabaruku, sikukuu ya kukumbuka hekalu lilipowekwa wakfu upya. Nimeihubiri sura ile mara nyingi, kwa ajili ya mchungaji mwema na kondoo wake, na mstari ule nimekuwa nikiuruka kama mtu anayeruka mtaro.

Kisha jambo jingine likanipiga. Nilitaka kumwambia Opa siku tuliyoweka wakfu kanisa letu la mabati. Mnakumbuka siku ile? Tulichinja ng'ombe. Kina mama walikuwa jikoni tangu alfajiri. Askofu alikata utepe, tukacheza mpaka vumbi likafika juani. Nikafungua kinywa nimtajie tarehe, nikakuta siijui. Nilikumbuka mwaka tu, na kwamba mvua ilitukuta kwenye chakula.

Sisemi kijiji hiki ni kitakatifu. Jumapili ya kawaida unaweza kuwahesabu walio kanisani kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Lakini siku ya kanisa lao wanaijua. Na vijiji vingi vya hapa vina tarehe yake, ndiyo maana kuanzia kiangazi mpaka vuli kila mwisho wa juma utasikia tarumbeta upande fulani wa bonde.

Basi Kerwa ya pili ilipofika, Opa akasema, unakuja. Hakuuliza. Nilikwenda, na nisiwadanganye, nilikwenda kama wapelelezi walivyokwenda Kanaani, nikitafuta majitu.

Jumamosi alasiri waliuleta mti kutoka msituni, mti wa jamii ya misonobari, zaidi ya mita 20. Watu wa zimamoto wakafunga barabara. Kuna mashine siku hizi za kuunyanyua kwa dakika chache, lakini hawazitaki. Wanatumia miti mirefu iliyofungwa miwili miwili karibu na ncha. Wanaiita Schwalben, mbayuwayu, na kweli ncha zikiachana zinafanana na mkia wa ndege huyo. Kila jozi wanaishika watu kadhaa, wanaukaza mti mahali palepale huku wengine wakisogeza jozi zao chini zaidi, kisha kiongozi anapaza sauti, Hau ruck! Wote wanasukuma kwa pumzi moja. Mti unapanda labda urefu wa mkono, wanapumzika, wanaanza tena.

Jozi moja ilikuwa na upungufu wa mtu, kijana mmoja alikuwa ameumia mkono. Opa akanisukuma mgongoni. Kabla sijajua la kufanya nilikuwa nimeshika mti na shati langu la kanisani, kijana mbele yangu, mkulima nyuma yangu, wote tunangoja neno moja. Hau ruck! Nikawaambia sisi kwetu tunalo neno hilo, ni harambee. Wakalijaribu. Msukumo mmoja mzima ulikwenda kwa harambee, wapendwa, katika kijiji cha Franken! Ilichukua zaidi ya saa moja. Mikono yangu ilitetemeka mpaka usiku. Sikuona aliyeuabudu ule mti. Niliona watu ambao kama mmoja wao angeachilia, ungewaangukia wote.

Usiku vijana huulinda, maana wa kijiji jirani wakifaulu kuja kuukata ni aibu ya mwaka mzima.

Usiku huo huo niliona nililoogopa. Nilikuwa narudi nyumbani, nikamkuta nyuma ya hema kijana wa miaka kama 17, amepiga magoti, anatapika, hawezi kusimama. Sheria ya hapa inaruhusu bia kuanzia miaka 16, na hilo sitalisifu leo wala kesho. Nilisimama pale nikasikia hasira yangu yote ya mwaka uliopita inarudi. Nikasema moyoni, si nilisema?

Wakaja vijana wawili wa Kerwa, wenyewe hawajalewa, ndio wa zamu usiku ule. Hawakucheka, hawakupiga picha. Mmoja akamfuta uso. Wakajaribu kumwinua, akawalemea. Nami nikajikuta nimepitisha mkono chini ya kwapa lake kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Uzito ule naujua. Unavyoning'inia upande mmoja, miguu inavyokwaruza, ule mnuko. Tulimpeleka hadi mlangoni kwao. Mama yake alifungua, akamwona, kisha akaniona mimi, mgeni, mchungaji, akainamisha macho. Macho yale pia nayajua. Mama yangu alikuwa nayo.

Nilitaka kumwambia jambo. Kijerumani kilinikimbia. Nikasema Grüß Gott, tena usiku wa manane, akaitikia Grüß Gott.

Njiani kurudi nilitambua kitu kimoja. Nilipokuwa na miaka 13, nilikuwa nikimbeba baba peke yangu.

Asubuhi sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ya Opa. Siku ya Kerwa ibada ya hapa haifanyiki kanisani, inafanyika ndani ya hema lile lile. Madawati ya usiku, harufu ya bia bado iko hewani, na mbele wametandika kitambaa cheupe juu ya meza mbili, msalaba, mishumaa. Watu walijaa mpaka nje. Kundi la tarumbeta la kanisa lilipopiga wimbo wa kwanza nywele zilinisimama. Katika safu ya pili, amevaa shati safi, uso wake wa rangi ya majivu, alikuwepo yule kijana wa usiku na tromboni yake. Hakukosa hata noti moja ninayoijua mimi, ingawa mimi si mwalimu wa muziki.

Neno la siku lilikuwa Luka 19, Zakayo. Nikamnong'oneza Opa, amechagua kwa sababu ya mti? Akasema hapana, hilo ndilo limesomwa siku ya Kirchweih tangu zamani. Baadaye nilijua kwamba upande wa Wakatoliki wa Bavaria, hata ile bendera nyekundu na nyeupe inayotundikwa mnarani siku hiyo wanaiita Zachäus.

Habari hiyo nimeihubiri mara ngapi? Ninyi wenyewe mmenisikia. Kila mara nimejiweka pale juu mkuyuni pamoja na Zakayo, au nimejiweka mezani pamoja na Bwana. Asubuhi ile, kwa lugha ninayoielewa nusu nusu, nilifika pale ambapo Bwana anaingia nyumbani mwa yule mtoza ushuru na watu wanabaki nje wakinung'unika. Nikajiona hapo nje, na madirisha nimeyafunga.

Baada ya ibada meza zilibaki zile zile, sahani za samaki na nyama zikaanza kupita. Opa alikaa mahali pake, mbele yake glasi kubwa ya kitu cha rangi ya dhahabu. Nilijaribu kutoiangalia. Akaisukuma kwangu ninuse. Ilikuwa maji ya tufaha yaliyochanganywa na maji yenye gesi.

"Miaka 31," akasema.

Ndipo nilipojua. Opa alikuwa mlevi. Alipoteza karakana, nusura apoteze mke. Alisaidiwa na watu wa Blaues Kreuz, Msalaba wa Buluu, chama cha Kikristo kilichoanzishwa Geneva mwaka wa 1877 kwa ajili ya watu wa namna yake na ya baba yangu. Nikamwuliza, sasa unawezaje kukaa humu? Akanionyesha kwa kidevu wale waliokuwa mezani. Akasema hawa wote wanajua, na kwa miaka 31 hakuna aliyemsukumia glasi. "Zamani nilikunywa nyumbani, peke yangu. Humu wananiona."

Nisikilize vizuri hapa. Simwambii mwenye vita na pombe aende akakae hemani. Kuna mtu ambaye dawa yake ni kukimbia kama Yusufu, aache hata vazi. Kama wewe ni huyo, kimbia, na unipigie simu ukiwa njiani. Nawaambia tu nilichokiona kwa mtu mmoja.

Mama mchungaji alikuwa ameombwa keki kwa ajili ya meza ya kahawa, kama kina mama wengine. Yeye akakaanga mabeseni mawili ya mandazi ya iliki. Wenyewe wana Küchle, unga wa hamira unaovutwa katikati mpaka unakuwa mwembamba, zamani wakiuvutia juu ya goti, kisha unakaangwa na kunyunyizwa sukari. Bibi mmoja aliuma andazi, akafikiri, akatoa hukumu kwamba ni Küchle iliyosahau kuvutwa. Yaliisha kabla ya saa kumi.

Jioni nikaona ule mchezo nilioufungia madirisha. Vijana wawili wawili, mume na mke, wanauzunguka mti wakipokezana shada la maua. Mahali fulani imefichwa saa ya kengele, na hakuna anayejua italia lini. Ikilia, wenye shada mkononi ndio washindi. Zamani zawadi ilikuwa kondoo dume. Hiyo ndiyo ibada ya Ashera niliyowaandikia, wapendwa. Saa ya kengele.

Kisha wakaanza nyimbo. Desturi ni kutunga beti za kuwatania watu wa kijiji, nani aliangusha trekta mtaroni, nani alichoma nyama. Ghafla nikaona watu wote wananigeukia. Opa alinitafsiria sikioni, maana lahaja ile ni mlima. Walikuwa wanaimba juu ya mchungaji wa Afrika anayefunga madirisha wakati wa Kerwa na kupiga kelele za maombi usiku katikati ya viazi vyake. Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia Opa, wananidharau. Akatikisa kichwa.

"Mgeni hawamwimbii," akasema.

Binti yangu alikuwa anacheka mpaka machozi. Alikuwa amekaa na wenzake wa darasani, riboni kichwani, karibu kabisa na tarumbeta.

Ule ujumbe wangu wa mwaka wa kwanza sijaufuta. Nimeuacha pale pale ulipo, na chini yake nimeweka huu. Mlioutuma kwa wengine, naomba muutume na huu kwa watu wale wale.

Na kuna jambo moja nawaomba, hasa ninyi wazee wa kanisa na kina mama mliopika siku ile. Mwenye picha ya kukata utepe, mwenye kadi ya mwaliko, mwenye risiti ya yule ng'ombe au daftari la mhazini, aangalie tarehe aniandikie hapa chini. Mwaka ninao. Ninachokumbuka zaidi ni mvua, na kwamba mabati yalikuwa mapya kiasi kwamba hatukusikiana.